Kona ya ORT na Jiwe Chini ya Gurudumu

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio.

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto anayeendesha. Najua utasema, "Sista, hilo tumelisikia mara nyingi." Ni kweli mmelisikia. Tumewaambia kliniki, tumewaambia barazani, limeandikwa mpaka kwenye ukuta wa zahanati. Sasa mbona tunajua, lakini mtoto akianza kuendesha hatufanyi tunavyojua? Na nikisema hatufanyi, sisemi ninyi peke yenu. Nasema na sisi wauguzi. Leo nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ndogo. Siku moja ya Jumatatu, foleni ikiwa imefika nje mpaka kwenye mti, aliingia mama mmoja kijana na mtoto wa miezi 9. Mtoto alikuwa akiendesha tangu Jumamosi. Hakuwa na hali mbaya. Macho yalikuwa sawa, na alikuwa ananyonya. Nikampa mama chupa ya antibiotiki ya maji, pakiti za ORS na vidonge vya zinki. Nikamwambia, "Hii ya unga utachanganya na maji umpe." Basi. Nikaita, "Anayefuata!"

Jumatano mama yule alirudi akikimbia. Mtoto macho yamezama, mdomo umekauka, analia lakini machozi hayatoki. Nikivuta ngozi ya tumbo na kuiachilia, inarudi polepole. Tulitafuta gari, akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa maji kwa mshipa. Alipona, nashukuru. Lakini kabla gari halijaondoka nilimuuliza mama, "Zile dawa ulimpa?" Akanijibu, "Nilimpa, Sista. Ile ya chupa nilimpa kama ulivyosema. Ile ya unga bado iko. Nilifikiri hiyo ni ya nyongeza tu."

Ya nyongeza tu. Neno hilo lilinikosesha usingizi. Mtoto yule hakuhitaji ile dawa ya chupa hata tone. Choo chake hakikuwa na damu, na wala hakukuwa na kipindupindu. Kuendesha kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Mimi nilijua hivyo. Nilifundishwa chuoni na nikaandika kwenye mtihani. Lakini nilipofika kazini niliwakuta wenzangu wakitoa chupa, nami nikatoa chupa. Na kwa kutoa chupa, nilimfundisha mama kwamba dawa yenyewe ni ile, na ORS ni kama kachumbari pembeni ya sahani.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini hiyo "nyongeza" ndiyo chakula chenyewe. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, wakimbizi wengi sana walivuka mpaka kuingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Daktari mmoja aitwaye Dilip Mahalanabis alikuwa katika mji wa Bangaon, na maji ya kuweka kwa mshipa yalikuwa yanamwishia. Akaamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji safi, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa kikombe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100, karibu 30 walikuwa wakifa. Kwa maji yale, waliokufa wakawa chini ya 4 katika kila 100. Angalieni hapo, akina mama: walionywesha hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, dada na shangazi.

Halafu zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko kwamba mtoto anayeendesha apewe ORS ya aina mpya pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Zinki hupunguza siku za kuendesha, na mtoto akiimaliza, humkinga asiendeshe tena ovyo katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Wizara yetu ya Afya hapa Kenya nayo ikatoa mwongozo mwaka 2010. Kwa hivyo ushahidi ulikuwepo, mwongozo ulikuwepo, na pakiti zilikuwepo kabatini. Kilichokosekana ni mazoea.

Basi nilipokwenda kusomea diploma, mwalimu wetu alitufundisha juu ya mtu mmoja aitwaye Kurt Lewin. Huyu hakuwa daktari wa dawa, alikuwa msomi wa tabia za watu. Alizaliwa mwaka 1890 katika sehemu ambayo leo ni Poland, akaondoka Ujerumani mwaka 1933 kwenda Marekani, na alifariki mwaka 1947. Lewin alisema kubadilisha mazoea ya watu kuna hatua tatu. Ya kwanza ni kuyeyusha, ya pili ni kusogeza, na ya tatu ni kugandisha tena. Mimi huifikiria kama mafuta ya kupikia, yale magumu ya mkebe. Ukitaka kuyatoa kwenye mkebe huu uyatie katika ule, huwezi kuyachimba kwa nguvu, yatakuvunjia kijiko. Unayaweka karibu na moto, yanalainika, unayamimina, halafu unayaacha yapoe yashike umbo jipya. Ukiyabeba kabla hayajapoa, yatamwagika njiani.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kwa Lewin ni kwamba mambo yake aliyajaribu na akina mama. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Marekani walitaka watu wao wale moyo, figo na nyama nyingine za ndani, ili nyama nyingine itoshe. (Ninyi mnacheka. Kwetu matumbo yakipikwa vizuri hayafiki jioni.) Wao hawakupenda. Basi Lewin akachukua vikundi vya akina mama. Vikundi vingine vikapewa mhadhara mzuri kabisa, wenye picha na mapishi. Vingine vikapewa nafasi ya kuzungumza wenyewe: nini kinatuzuia, bwana atasema nini, harufu yake tutaifanyaje. Mwishoni wakaulizwa, nani atajaribu wiki hii? Wakainua mikono. Baadaye walipofuatwa, katika kila mama 100 waliosikiliza mhadhara, 3 tu walikuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Katika kila 100 waliozungumza na kuamua pamoja, walikuwa 32. Alijaribu pia na mama waliotoka tu kujifungua, juu ya kuwapa watoto mafuta ya ini la samaki na maji ya machungwa. Hata hapo, waliokaa kikundi wakaamua pamoja walifuata kuliko waliofundishwa mmoja mmoja kwa muda uleule.

Niliposikia hivyo niliona aibu kidogo. Maana kazi yangu yote ya kila asubuhi kliniki ilikuwa mihadhara.

Kuna jambo jingine la Lewin ambalo nataka mlishike. Alisema kila mazoea yanasimama mahali yalipo kwa sababu kuna nguvu zinazosukuma mbele na nguvu zinazozuia. Chukua mkokoteni uliokwama mlimani. Watu huita vijana waje wasukume. Wakishindwa, wanaita wengine. Hakuna anayeinama kutazama chini, kumbe kuna jiwe mbele ya gurudumu. Lewin angesema, kabla ya kuongeza wasukumaji, toa jiwe. Ukisukuma zaidi bila kutoa jiwe, watu wanachoka na kukasirikiana. Ndivyo ilivyo zahanati: muuguzi anamkaripia mama, mama anamnunia muuguzi, na mtoto anaendelea kuendesha.

Niliporudi kazini nilimweleza mkuu wa zahanati habari za yule mtoto wa miezi 9. Tuliketi sote, wauguzi, dada wa usafi, na wahudumu wa afya wa jamii, ambao tangu mwaka 2023 tunawaita wahamasishaji wa afya ya jamii. Hiyo ndiyo ilikuwa kuyeyusha kwetu. Hatukuulizana nani ana makosa. Tuliuliza, jiwe liko wapi?

Tuliyapata mengi, na mengine yalituchekesha. Kona ya ORT ilikuwa imeandikwa mlangoni lakini ndani hakukuwa na jagi wala kikombe. Maji ya kunywa yaliyotibiwa yalikuwa ofisini kwa mkuu. Muuguzi mmoja akasema kweli yake: "Nikimpa mama pakiti peke yake, ataniona sijamtibu. Atatoka hapa aende kemisti anunue chupa." Mama mmoja tuliyemwalika akasema kweli yake naye: "Sista, ORS haikatizi. Unampa na bado anaendesha. Sasa tutajuaje inafanya kazi?"

Hapo nilishika kalamu. Maana mama yule alikuwa sahihi! ORS haikazi tumbo. ORS inarudisha maji na chumvi ambazo mwili umepoteza. Mtoto hafi kwa sababu ameendesha, anakufa kwa sababu amekauka. Tulikuwa tumewapa akina mama dawa bila kuwaambia waitarajie ifanye nini. Tangu siku hiyo nikimpa mama ORS namwambia: usitazame nepi peke yake. Tazama macho yake, tazama mdomo, tazama kama anakojoa, tazama kama anataka kucheza. Hapo ndipo utaona kazi yake.

Halafu tukasogeza. Sikilizeni, hatukununua mashine. Tulinunua jagi lenye alama za kipimo, vikombe na vijiko. Dada wa usafi akapewa kazi ya kutibu maji kila asubuhi, na alilichukua jambo hilo kwa moyo kuliko sisi wote. Mama mwenye mtoto anayeendesha bila damu hapewi tena chupa. Anaketi kwenye kona, ananawa mikono kwa sabuni, anachanganya pakiti yake mwenyewe mbele yetu, na anamnywesha mtoto wake polepole huku tukimwangalia. Kidonge cha kwanza cha zinki anakipa hapohapo, kwa kijiko chenye maji kidogo au maziwa ya mama. Haondoki mpaka tuone mtoto anakunywa. Na yale mazungumzo ya asubuhi, badala ya mimi kusimama na kuhutubia, tulikaa duara. Nikauliza, "Mtoto akiendesha nyumbani kwenu, nini hufanyika?" Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kugumu.

Katika duara hilo nyanya mmoja aliniambia, "Msichana wangu, sisi tulikuwa tunamnyima mtoto maji ili tumbo likauke." Hakuna aliyemcheka. Nikamjibu, "Nyanya, ukiona mtungi unavuja, utaacha kuutilia maji ili uache kuvuja, au utautilia huku unatafuta ufa?" Akafikiri. Akasema, "Nitautilia, la sivyo watu watalala na kiu." Yule nyanya siku hizi ndiye anayewachanganyia majirani.

Sikusema mambo yalikwenda sawa moja kwa moja. Nilichukua likizo ya mwezi mmoja. Niliporudi, kwenye kiti cha kona ya ORT palikuwa na makatoni ya glavu, jagi limepelekwa chumba cha chai, na mwenzetu mpya anatoa chupa. Niliudhika sana. Lakini baadaye nilielewa kwamba tulikuwa tumebeba mafuta kabla hayajapoa. Kila kitu kilikuwa kichwani mwangu mimi. Kwa hivyo tukakiandika: nani ana zamu ya kona, nani anatibu maji, nani anaagiza zinki kabla haijaisha. Likaingia katika daftari la kukabidhiana zamu. Muuguzi mpya akija, siku yake ya kwanza anakaa kwenye kona, sio kwenye meza. Hiyo ndiyo kugandisha.

Sasa twende nyumbani kwako. Nataka leo ufanye vile tulivyofanya zahanati. Kabla mtoto hajaugua, uliza, kwangu jiwe ni lipi? Labda huna pakiti nyumbani, na usiku zahanati imefungwa. Basi omba pakiti mbili za ORS ukienda kliniki, au mwulize mhamasishaji wa kijiji chenu, uziweke pamoja na kijitabu cha Mama na Mtoto. Labda huna kipimo. Tafuta chupa ya soda ya nusu lita, ioshe vizuri, iweke kando. Pakiti zinatofautiana, nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja, kwa hivyo soma au mwombe mtu akusomee. Usichanganye pakiti nzima katika kikombe cha chai, maana chumvi itazidi na itamdhuru mtoto. Wala usiongeze sukari, soda au maziwa ndani yake.

Labda jiwe ni mama mkwe. Nasema kwa heshima, maana nami nina mama mkwe. Anasema ni meno yanaota, yaache yatapita. Usibishane naye mtoto akiwa anaendesha. Zungumza naye leo, wote mkiwa na amani. Mwombe akushikie kikombe na kijiko. Mkubwa akipewa kazi ya maana, ushauri hupungua.

Maji unayochanganyia yawe yamechemshwa yakapoa, au yametibiwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe kati ya mililita 50 na 100 kila baada ya kuendesha, hiyo ni kama robo hadi nusu ya kikombe. Wa miaka 2 na zaidi mpe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu anza tena polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula apewe chakula chake kama kawaida, na akipona mwongeze mlo mmoja kwa siku, ili arudishe uzito.

Zinki nayo, akina mama wengi huiacha siku ya tatu, mtoto akiwa amepata nafuu. Usiiache. Weka alama kwenye kalenda, au kwa mkaa ukutani ukipenda. Na kipimo chake usichukue cha mtoto wa jirani, wala usikariri cha mwaka juzi. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa watoto 4,500 wa India na Tanzania, ukaonyesha kwamba kipimo kidogo cha zinki kilifanya kazi sawa na kile kikubwa, na watoto walitapika kidogo zaidi. Mnaona basi? Hata sisi tulioganda tunaweza kuhitaji kuyeyuka tena. Kwa hivyo fuata kile utakachoandikiwa siku hiyo.

Kuna wakati nyumbani hapatoshi. Mpeleke mtoto zahanati mara moja ukiona damu kwenye choo, au anatapika kila kitu, au hawezi kunywa wala kunyonya, au amelegea na haamki vizuri, au amepata degedege, au macho yamezama. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, usingoje asubuhi. Hapo daktari anaweza kumwandikia antibiotiki, na ikiandikwa hivyo mpe mpaka iishe. Njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko. Na kama mtoto wako amefika wiki 6, uliza juu ya chanjo ya rotavirus. Imekuwa ikitolewa hapa Kenya tangu mwaka 2014, na haina malipo katika vituo vya serikali.

Ukienda zahanati ukakuta kona ya ORT imejaa makatoni, tafadhali uliza. Sema kwa upole, "Sista, naomba nichanganye hapa unione." Mimi ningefurahi kuulizwa hivyo ile Jumatatu.

Wiki ijayo, saa kama hizi, nitakuja na dada yetu wa usafi atueleze anavyotibu maji ya kunywa. Andaeni maswali, na ile chupa ya nusu lita iwe imeshaoshwa. Kwaherini.